Wifi Yangu Aliyechambua Galaksi kwenye Ungo

Wifi yangu anaitwa Jicho, na jina hilo hakupewa na mama yake. Alipewa na wachambuaji wa maharagwe, siku alipopita nyuma ya mwanamke mmoja aliyekuwa kazini, bila kusimama, bila hata kuinama, akamwambia, "Shoga, una jiwe hapo, chini ya kidole gumba." Mwanamke akainua kidole. Jiwe lilikuwepo. Rangi ya maharagwe, ukubwa wa maharagwe, hata kale kadoa keupe ubavuni lilikuwa nako. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita kwa jina lake, hata kaka yangu aliyemwoa. Kaka akimwita Jicho huwa anaita kwa woga kidogo, kwa sababu mtu wa namna hiyo humfichi kitu ndani ya nyumba.

Mimi nimefanya naye kazi miaka ishirini na sita, kwa hiyo ninaloandika nimeliona. Wajukuu zake wanasema jambo hili haliwezekani. Wao hawakuwepo. Mimi nilikuwepo, nimekaa kulia kwake, ungo mapajani.

Kuchambua ni hivi. Unamwaga maharagwe kiasi kwenye ungo, unautikisa, unayatandaza, halafu unatoa yasiyotakiwa: jiwe, kijiti, lililobunguliwa, lililonyauka. Na la mwisho, ambalo wageni wa kazi hulisahau, unatoa lenye rangi isiyo yake. Ukichambua meupe, jekundu halibaki, hata liwe zima, hata liwe limenona kuliko meupe yote. Huliulizi limetoka wapi. Unalitia kwenye kopo lako pembeni, kwa sababu jioni makopo huangaliwa, na mwenye kopo tupu huambiwa alikuwa amelala.

Tulikuwa saba katika ghala dogo mwisho wa mtaa. Ghala lenyewe lilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati, na ukipiga chafya vumbi lilishuka toka kwenye boriti likakuitikia. Tulikaa kwenye mkeka mmoja, mviringo, na ungo ulizunguka. Sehemu nyingine kila mtu ana ungo wake. Kwetu ungo mmoja ulipita mikono saba. Ulianzia kwa Mama Vidole na kuishia kwa Jicho.

Mama Vidole ndiye aliyekuwa mkubwa wetu. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu zamani, na alikuwa akichambua kwa kugusa. Vidole vile vilikuta jiwe, vilikuta tundu la mdudu, vilikuta hata harage ambalo lingebunguliwa wiki ijayo. Kitu kimoja tu havikukiona: rangi. Kwa hiyo yeye akianza, sisi tukimalizia, ungo ulitoka safi. Hatukuwahi kulizungumza jambo hilo. Ungo ulianza kuzunguka, basi ukawa unazunguka.

Nyumbani Mama Vidole aliishi kwa mkwewe, mke wa mwanawe. Mkwe alikuwa amemwambia mapema, kwa adabu zote, "Mama, mimi nawe tunapatana vizuri sana kwa sababu mchana haupo. Siku utakayoshinda nyumbani, mmoja wetu atahama, na nyumba ni ya mume wangu." Hivyo kazi ile kwake ilikuwa ndiyo paa.

Basi mwenye ghala dogo akazeeka, akachoka, akalikabidhi kwa Ghala Kubwa la barabara ya pili. Ghala Kubwa lilikuwa limekwisha meza maghala madogo matatu mwaka ule. Likachukua magunia, likachukua mizani, likatuchukua na sisi. Tuliandikwa kwenye orodha moja na mizani, sisi tukiwa chini yake.

Kule ndani walikuwa wanawake themanini, mistari minne, kila mmoja na ungo wake na namba yake imebanwa kifuani kwa pini. Msimamizi, ambaye wote tulimwita Mnyapara, alipita akitumbukiza mkono katika kila ungo, mmoja baada ya mwingine. Alikuwa mtu wa shati lililopigwa pasi na kalamu tatu mfukoni. Tena alikuwa na kitabu cha kusimamia watu. Kitabu kilisema uamuzi wowote ule ufuate utafiti, na Mnyapara alikuwa amekwisha kaa na kitabu hicho miaka miwili bila kupata utafiti hata mmoja. Jambo hilo lilimkosesha raha.

"Nyinyi saba nitawagawa," alituambia siku ya kwanza. "Wawili huku, wawili kule, mmoja mmoja panapopwaya. Orodha mpya inaanza mwezi ujao."

"Kwa nini?" Jicho akauliza.

"Mmekuja wabichi. Hapa ndipo watu huivia."

Jicho akageuka kututazama, kama anayetafuta mbichi ni yupi. Mdogo wetu kabisa alikuwa na wajukuu watatu. "Bwana Mnyapara, sisi tumeivia kwetu. Ukitutawanya, unaharibu kilichokwisha iva."

"Una ushahidi?"

"Mimi hapa si ushahidi?"

"Wewe ni maoni," Mnyapara akasema. "Kitabu kinataka utafiti."

Wengine sote tuliwaza kitu kimoja. Mama Vidole akikaa peke yake kwenye mstari, na ungo wake peke yake, meupe yake yatajaa mekundu, na mkono wa Mnyapara utayakuta siku ileile. Jioni yake atakuwa nyumbani kwa mkwewe, na kesho yake mchana vilevile. Mama Vidole mwenyewe alikuwa akinyoosha pindo la khanga yake, ananyoosha, ananyoosha, kama khanga ndiyo iliyokuwa na shida.

Wiki ile mvua ikakata barabara. Malori hayakuja. Ukumbi mzima ukawa watu wamekaa wanatazamana na nyungo tupu. Ndipo akashuka Mtaalamu.

Chumba cha juu cha ghala kilikuwa kimepangishwa kwa watu wa elimu ya anga, na kati ya watu hao alikuwapo mmoja tu, binti wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja. Tulimwita Mtaalamu. Alisimama kwenye ngazi akasema anatafuta watu wenye macho, kwa sababu kompyuta yake ina kasi lakini haina macho. Watu wote wakamwonyesha Jicho.

"Mama zangu," akaanza, "kule mbali, nyuma kabisa ya nyota mnazoziona, kuna galaksi. Galaksi ni mji wa nyota, nyota mabilioni. Nyingi hukaa katika vikundi vidogo: tano, kumi, ishirini. Na kuna mahali zimekusanyika mamia mpaka maelfu. Hapo tunapaita lundo. Lundo lina mvuto mkubwa, na linakua kwa kuvuta vikundi vya jirani. Mara nyingi galaksi haiingii peke yake. Inaingia na kikundi chake kizima."

"Kama sisi," Jicho akasema.

"Kama nani, mama?"

"Endelea, mwanangu."

"Sasa, galaksi ya buluu bado inazaa nyota. Nyekundu imekoma kuzaa."

"Mimi ni nyekundu tangu mwaka wa mafuriko," akasema mwanamke wa mstari wa pili, na ukumbi ukaangua kicheko hata Mtaalamu akalazimika kungoja.

"Ndani ya lundo nyingi ni nyekundu," akaendelea. "Nataka kujua zilikoma wapi. Zilikoma humo lundoni, baada ya kuingia? Au zilikoma kwenye vikundi vyao, kabla ya kuingia?"

Jicho akaweka kikombe chake cha chai chini. "Yaani unataka kujua kama zinafika mbichi zikaivia humo, au zinafika zimeiva."

"Ukipenda kusema hivyo."

"Napenda," Jicho akasema, akainuka, akamwita Mnyapara kwa sauti ambayo mimi nisingethubutu kumwitia mume wangu. "Bwana Mnyapara! Utafiti wako umeshuka ngazi!"

Mnyapara akaja mbio. "Ni utafiti kweli?" akamwuliza Mtaalamu, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeletewa barua aliyoingojea. "Una namba?"

"Namba tupu, kaka. Lakini mimi nachunguza galaksi, sichunguzi—"

"Mvuto ni mvuto," Mnyapara akamkatiza, akatoa kalamu ya kwanza. Akaandika palepale: vikundi vya galaksi vikionekana vinaingia vimeiva, wanawake saba wa ghala dogo watabaki mkeka mmoja na ungo wao mmoja. Vikionekana vinaingia vibichi, watatawanywa mistari yote minne. Akatia sahihi yeye, Jicho akatia dole gumba, na Mtaalamu akatia sahihi kama shahidi, ingawa alisema mara tatu kwamba maharagwe na galaksi si kitu kimoja. Hakuna aliyemsikiliza. Alikuwa anahitaji macho, na macho yetu yalikuwa na masharti.

Kazi ilikuwa hivi. Kadi mia tisa, kila kadi picha ya galaksi moja iliyopigwa kwa darubini. Nyuma ya kadi, namba: mahali ilipo na kasi inayokwenda. Zinazokaribiana mahali na zinazokwenda kasi moja ni kikundi kimoja. Zilizomo tayari ndani ya lundo, zaidi ya nusu ya kadi zote, tuzitie gunia lake. Isiyo na wenzake, hiyo ni mpweke, tuiweke kando kwenye kopo. Kusoma vitabu wengi wetu hatukujua, lakini namba tulizijua vizuri. Aliyekaa maisha yake karibu na mizani hashindwi na namba.

Mtaalamu alituletea meza. Jicho akaiegemeza ukutani. Tukakaa chini, mviringo, tukamwaga galaksi kwenye ungo, na ungo ukazunguka.

Msinicheke. Zinatikisika vizuri. Kadi haina uzito wa harage, kwa hiyo lazima uutikise ungo kwa kiwiko, si kwa bega. Siku mbili za kwanza kadi zilituruka ungoni. Moja ikapotea tangu asubuhi mpaka jioni, tukapekua magunia yote, na Mtaalamu karibu alie, kwa sababu alisema ile ni galaksi ya nyota bilioni mia mbili. Tukaikuta imenata kwenye soli ya kiatu cha Mnyapara. Alikuwa amezunguka nayo ukumbi mzima akikagua watu. Mtaalamu akaifuta kwa pindo la gauni lake na kumtazama Mnyapara kwa namna ambayo nilimwonea huruma, kwa maana kitabu chake bila shaka hakikuwa na ukurasa wa jambo hilo.

Mama Vidole alipewa kazi ya kufunga. Sisi tukisoma namba kwa sauti na kulinganisha, yeye alipokea kadi za kikundi, akazigonga kingo zikalingana, akazifunga uzi. Vikundi arobaini, vifurushi arobaini, vimepangwa kwenye gunia safi mbele yake. Jicho, kama kawaida yake, alikuwa wa mwisho. Kila kifurushi alikifungua, akakisafisha, akakirudisha kifungwe upya. Ungo ambao haujasafishwa na Jicho haukuwahi kupelekwa popote.

Siku ya nne Mama Vidole akasita, kifurushi mkononi.

"Jicho, mwanangu. Hiki asubuhi kilijaa kiganja. Mbona kimekonda?"

"Nimekisafisha."

"Umetoa nini?"

"Nyekundu. Zilikuwa nne katikati ya buluu. Zimetumbukia humu kutoka lundoni."

"Lakini namba zake ni za humu. Nilizisikia zikisomwa."

"Mama, wewe funga uzi."

Mama Vidole akafunga uzi. Mimi nilisikia, na sikuona kosa. Ninasema ukweli. Ningekuwa mimi, ningezitoa vilevile, tena kwa hasira. Rangi isiyo yake, toa.

Siku ya tisa Mtaalamu akabeba vifurushi juu kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba mayai. Siku ya kumi na moja akashuka navyo, na karatasi pana juu yake. Barabara ilikuwa imefunguka, lori la kwanza linashusha mizigo nje, na orodha mpya ilikuwa ianze kesho yake. Mnyapara akasimamisha kazi. Akakaa juu ya gunia karibu na mizani, kitabu gotini. Wanawake themanini wakageuza shingo.

Mtaalamu alikuwa na furaha hata maneno yalimpanda mdomoni kwa kusukumana. "Sijawahi kuona kitu kama hiki! Katika vikundi arobaini hakuna nyekundu hata moja. Hata moja, mama zangu! Wenzangu kote wanapata chache, mara nyingine nyingi. Sisi hatuna hata ya dawa. Zote ni buluu. Maana yake zilikuwa zinazaa mpaka mlangoni, na lundo ndilo lililozikomesha. Katikati ya lundo kuna hewa ya moto sana. Galaksi ikipita humo, ile hewa yake baridi, inayozalia nyota, inafagiliwa nje."

"Kwa lugha ya ghala?" Mnyapara akauliza.

Mtaalamu akatutazama, furaha ikamwishia usoni. Nadhani ndipo alipokumbuka alichotilia sahihi. "Zinafika mbichi," akasema taratibu.

"Asante." Mnyapara akatoa kalamu ya pili. "Utafiti umesema. Kuanzia kesho, wewe, mstari wa kwanza. Wewe na huyu, wa pili." Akaendelea hivyo, na kila alipoelekeza kalamu mmoja wetu alishusha kichwa. "Na wewe mama mkubwa, mstari wa nne, mbele kabisa, karibu na mimi."

Nikamtazama Mama Vidole. Angeweza kusema. Yeye ndiye aliyejua. Vidole vile vilikuwa vimekumbuka unene wa kila kifurushi, asubuhi na jioni. Lakini kusema kungekuwa kumvua nguo Jicho mbele ya watu themanini, naye akabaki mikono mapajani, uso umegeukia mahali ambapo hapakuwa na mtu.

Hapa lazima nieleze tabia ya wifi yangu, ili anayesoma aelewe uzito. Katika miaka ile yote sikuwahi kumsikia akisema amekosea. Aliwahi kumchinja kuku wa jirani akidhani ni wake, na mpaka leo anasema kosa ni la jirani, kwa kufuga kuku anayefanana na wa watu. Aliwahi kumwita mkwe wake kwa jina la mkwe mwingine, na kijana wa watu akaitikia mwaka mzima. Kumtaka Jicho akiri kosa ni kuitaka mizani ilie.

"Ngoja," Jicho akasema.

Mnyapara akangoja.

"Zilikuwepo."

"Nini zilikuwepo?"

"Nyekundu. Nilizitoa mimi." Akainua kopo lililokuwa kando ya goti lake, akalitikisa, na likatoa mlio wa kitu kilichojaa. "Zimo humu."

Mtaalamu akaishusha karatasi. "Hilo si kopo la wapweke?"

"Wapweke ni saba. Zilizobaki ni hizo."

"Mama! Kwa nini ulizitoa?"

"Kwa sababu zilikuwa nyekundu."

Na ukumbi mzima, wanawake themanini, wakatikisa vichwa kwamba ndiyo, bila shaka, kulikuwa na jambo gani jingine la kufanya. Mtaalamu akawatazama mstari kwa mstari akitafuta mtu mmoja wa kushangaa pamoja naye. Hakumpata.

"Basi utafiti una dosari," Mnyapara akasema. "Kitabu kinataka dosari iandikwe, na mwenye dosari aiseme kwa kinywa chake. Nani amekosea?"

Nje lori lilikuwa likinguruma, kisha dereva akalizima, hata yeye apate kusikia.

"Nimekosea kuchambua," Jicho akasema.

Mtu wa mstari wa tatu akaangusha ungo wake. Mimi mwenyewe nilishika mkeka.

Mtaalamu akapiga magoti sakafuni, akamwaga kopo, akaanza kugeuza kadi na kusoma namba. Mama Vidole akajongea. "Isome, mwanangu, nitakuonyesha ilipotoka." Namba ikisomwa, mkono wake ulikwenda moja kwa moja kwenye kifurushi, na uzi ukafunguliwa. Mnyapara alikuwa akitazama namba, hakutazama macho ya yule mama, na namshukuru Mungu kwamba mtu yule alipenda namba. Chai ya saa nne ikapoa vikombe vyote. Mwisho Mtaalamu akaketi juu ya visigino vyake.

"Mia moja thelathini na mbili, katika mia tatu tisini na sita. Theluthi moja. Theluthi moja zilikuwa zimekwisha koma hata kabla ya kuliona lundo. Zimekomea kwao, kwa majirani zao."

"Kwa hiyo zinafika zimeiva," Jicho akasema.

"Theluthi," Mnyapara akasahihisha. Akapiga hesabu kwenye jalada la kitabu. "Theluthi ya watu saba ni wawili na kidogo. Wawili watabaki pamoja. Hicho kidogo sijui nikipeleke wapi."

"Kaka, haiwi hivyo," Mtaalamu akasema.

"Wewe sema hili tu," Jicho akamwambia Mtaalamu, bila kumtazama Mnyapara. "Kikundi kikifika, kinapasuka mlangoni?"

"La. Kinaendelea pamoja. Mpaka kikatize katikati ya lundo. Baada ya hapo ndipo huanza kulegea, galaksi mojamoja zikapotelea humo."

"Kukatiza kunachukua muda gani?" Mnyapara akauliza.

"Miaka bilioni moja. Labda mbili."

Mnyapara akafikiri sana. Alikuwa mtu wa haki kwa namna yake. Alikuwa ameandika, na alichoandika alikiheshimu. "Bilioni ina sifuri ngapi?"

"Tisa."

Akatoa kalamu ya tatu. Akaziandika moja moja, akizihesabu kwa kichwa. Kisha akasoma kwa sauti: kikundi cha ghala dogo kitabaki mkeka mmoja, na ungo wao utazunguka, na suala hili litatazamwa upya baada ya miaka 1,000,000,000. Karatasi hiyo ilibandikwa juu ya mizani. Ilikaa hapo mpaka jua likaila wino.

Tulikuwa tumeanza kukumbatiana aliposema, "Lakini."

Tukaachiana.

"Mchambuaji aliyetoa vizima akavitia kopo la vibovu, huyo lazima akaguliwe peke yake. Ameikiri mwenyewe, nimeiandika. Sita mtabaki. Huyu ataingia mstari wa tatu, namba arobaini na moja."

Sote tukamgeukia Jicho. Tulijua ana maneno. Alikuwa na maneno ya kuwatosha Mnyapara na kitabu chake na Mtaalamu na darubini. Alifungua mdomo. Akamtazama Mama Vidole, ambaye alikuwa amekwisha rudi mahali pake kwenye mkeka na kuinyoosha mikono mbele, anangoja ungo. Jicho akafunga mdomo. Akaenda kuchukua ungo wa peke yake, akachukua kopo lake, akabana namba arobaini na moja kifuani, na ile pini alijichoma nayo kwa makusudi, nadhani, apate kitu cha kugombeza.

Kesho yake nafasi ya mwisho ya ungo ikawa yangu. Hakuna aliyenichagua. Nilikuwa nimekaa kulia kwake, basi ungo ulipofika mwisho ulinikuta. Ndani yake mekundu ya Mama Vidole yalikuwa yamepita mikono minne na mengine bado yamo, maana wenzetu nao macho yao yalikuwa ya umri wao. Kule nyuma nilizoea kupitisha tu, nikijua yupo Jicho. Sasa hakuwepo mtu baada yangu. Nilitoa, nikatandaza, nikatoa tena. Nilipoupeleka kwenye mizani, Mnyapara akatumbukiza mkono mpaka kwenye kifundo, akakoroga, akatoa, akatazama kiganja.

"Pita," akasema.

Nikarudi mkekani. Mama Vidole akauliza, "Umepita?"

"Umepita, mama."

"Basi leta mwingine."

Alifanya kazi nasi miaka minne zaidi, mpaka siku alipotuambia mwenyewe kwamba vidole vimeshiba, na wakati huo mwanawe alikuwa amejenga chumba cha pili uani, cha mama yake.

Jicho hakuja kwetu siku ya kwanza wala ya pili. Saa ya chai alikunywa hukohuko mstari wa tatu, mgongo kwetu, na wanawake wa pande zote mbili walikuwa wamekwisha jisogeza mbali naye kidogo, kwa kuwa alikuwa akiwatolea mawe nyungoni mwao bila kuombwa. Siku ya tatu akaja. Hakutusalimu. Alisimama juu yangu, akaniambia, "Nipe huo," akachukua ungo niliokuwa nimeumaliza. Akautikisa kwa bega. Akautandaza. Akautazama kutoka kulia, akautazama kutoka kushoto, akaupeleka kwenye mwanga wa mlango, akautazama huko. Tukasikia maharagwe yakikwaruza, yakikwaruza. Mama Vidole alikuwa ametega sikio.

Hakukuta kitu.

Akanirudishia ungo kwa nguvu hata nusu ya maharagwe ikaruka mkekani, akaenda zake kwa hatua nzito mpaka mstari wa tatu, amekasirika kabisa, na hakusema nami mpaka Ijumaa. Nikayaokota, mojamoja, na huku nikicheka. Tulikuwa tumepona.